Nilivyomlisha Mama Maneno

Jumanne, 9 Aprili 1996

Tumechuma chai tangu saa kumi na mbili asubuhi. Umande umenilowesha mpaka kiunoni. Mama mbele yangu kama kawaida, kikapu mgongoni, vidole vinachuma bila yeye kuviangalia. Mimi mwalimu, mikono laini, nabaki nyuma. Shule imefungwa na bado sijapumzika hata siku moja.

Mchana akaja naibu wa chifu. Kuna wageni, wanafunzi wa chuo kikuu cha ng'ambo, wamefikia kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Wanasoma ikolojia: miti, ndege, vyura, na pia vile watu wa hapa wanauona msitu. Wanataka mtu wa kuwatafsiria Kipsigis kwa Kiingereza. "Mwalimu Chelang'at, hapa Boito tunakutegemea wewe tu. Usituangushe." Nilikubali kabla hajamaliza. Nimefurahi, kusema kweli. Nimepiga pasi blauzi ya bluu.

Alhamisi, 11 Aprili

Wageni ni sita na mwalimu wao, Dokta Karin. Mama wa makamo, viatu vikubwa, mwepesi wa kucheka. Wakaomba kuanza na Mama yangu. Tukaketi kwetu, nyumba ile ile ya udongo nilimozaliwa. Moshi. Kuku wanapita katikati ya miguu ya wageni. Nikaona haya kabla hata Mama hajafungua mdomo.

Dokta akauliza: ukiutazama msitu unahisi nini?

Mama hakufikiria. Baridi na nyani, akasema. Nyani walimaliza mahindi ya mama yake, na yeye akiwa msichana alilala njaa kwa sababu yao. Siku upande wa chini ulipofyekwa alipiga vigelegele. Pale ikapandwa chai, na chai ndiyo iliyomsomesha huyu. Akaninyooshea kidole. Msitu haukunisomeshea mtoto hata mmoja, akasema. Halafu akapenga kamasi, akapangusa mkono kwenye leso.

Wakanigeukia. Nyuso saba zinangoja, kalamu ziko juu ya karatasi. Nami kwa Kiingereza changu cha darasani nikasema: anasema msitu ni mama yake. Anasema walipokata ile miti alilia kama mtu aliyefiwa.

Sijui yalitoka wapi. Msichana mmoja akafuta machozi. Dokta akamshika Mama mkono kwa mikono yake miwili. Mama akaniuliza, "Mbona huyu analia?"

Nikamwambia ni moshi.

Jumamosi, 13 Aprili

Kazi ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mtu anasema lake, mimi nasema langu. Mzee mmoja kule ng'ambo ya mto kasema akimwona bundi anampiga jiwe, na akimkosa anatafuta jiwe lingine. Nikawaambia wageni kwamba hapa kwetu bundi anapewa heshima ya mgeni. Wakaandika. Mama mmoja kasema ndege mzuri ni yule aliye mbali na shamba lake la wimbi. Huyo nilimpamba mpaka nikajishangaa.

Wananiita hodari. Dokta anasema hajawahi kupata mtafsiri mwenye hisia kama mimi. Nimekula nao mezani, kwa uma. Nikajiona mtu.

Najua ninachofanya. Nisijidanganye hapa. Naogopa watatuona washamba. Naogopa watasema hawa watu hawapendi kitu ila tumbo. Ndiyo hiyo tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mambo yameanza kuharibika.

Dokta alikuja kwetu na naibu wa chifu. Kabla hawajaondoka nchini, wageni wanataka kuacha kitu cha maana. Wamepima maji ya kijito chetu. Yanapungua. Wanasema ni kwa sababu ya blugam za Mama, ile mikaratusi ya pale bondeni, zinakunywa maji mchana na usiku. Wazikate wapande miti ya asili mahali pake. Na wameamua kufanya hivyo hapa, si kwingine, kwa ajili ya maneno ya Mama. Yamewagusa. Naibu wa chifu alikuwa anatingisha kichwa tu, ameshajiona akihutubia.

Mama alikuwa pale pale anachambua maharagwe. Dokta akaniambia, muulize kama anakubali.

Zile blugam najua ni nini. Kila mtu wa nyumba hii anajua. Alizipanda mwaka aliokufa Baba. Bado kidogo zifike unene wa kupasuliwa mbao, na hizo mbao ndizo nyumba yake. Nyumba ya mbao, yenye sakafu, isiyovuja. Kila Jumapili akitoka kanisani hupitia bondeni kuzipapasa moja moja kama mitamba. Zikikatwa sasa ni kuni na fito, basi.

Nikamuuliza kwa Kipsigis: wageni wanataka kukupa miche, utapokea? Akasema, "Miche ya bure, nani anakataa?"

Nikamwambia Dokta: amekubali, kwa moyo wote.

Kwa nini? Kwa sababu nikisema hapana itabidi nieleze, na nikieleza yote ya siku ya kwanza yatatoka nje. Najiambia wageni hupanga mengi na kufanya machache. Najiambia watapanda miche yao pembeni waende zao.

Jumanne, 23 Aprili

Mama amerudi kutoka bondeni amekunja uso. Kila mti una alama nyekundu ya rangi. Amejaribu kufuta kwa leso, haitoki. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia wageni wanahesabu miti.

"Si wangeniuliza mimi? Mimi naijua hesabu yake."

Akacheka. Mimi sikuweza kula. Kesho naenda kumwambia Dokta ukweli. Kesho bila kukosa.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua ya mawe. Sikwenda.

Alhamisi, 25 Aprili

Nilikwenda. Nilipoingia tu wakanipigia makofi, wote, wamesimama. Dokta alikuwa anawasimulia jinsi ninavyofanya kazi. Nikanywa chai yao, nikala keki, nikarudi nyumbani.

Mwoga mkubwa mimi. Nawachapa watoto darasani kwa uongo wa penseli iliyopotea.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekaa kitandani saa nzima na kalamu mkononi. Wacha niandike yaishe.

Walikuja mapema kuliko walivyosema. Naibu wa chifu, watoto wa Sunday school na miche yao kwenye makopo, walimu wenzangu, majirani wote wa kilima hiki. Na mtu wa msumeno wa injini. Mama alikuwa hayupo, alikuwa kwenye kituo cha chai anangoja zamu ya kupimiwa majani. Nilijua yuko huko. Nilishukuru yuko huko. Nilifikiri akirudi atakuta imekwisha, halafu nitajua la kusema.

Ule msumeno ukaanza kulia. Mti wa kwanza ukaanguka. Watoto wakashangilia. Wa pili ukaanguka juu yake.

Ndipo nikamwona anashuka. Hakukimbia. Kikapu kitupu mgongoni, bado amejifunga ile karatasi ya nailoni ya kuchumia chai. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya mtu wa msumeno mpaka akazima mashine.

Akasema kwa sauti, kwa Kipsigis: "Nani amewaambia nimeichoka miti yangu? Hii ni nyumba yangu mnakata."

Kila mtu pale alielewa. Ni wageni tu hawakuelewa. Dokta akanigeukia, rangi imemtoka. Anasema nini?

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa mbele yangu, nzima.

Nikasema: amebadili nia. Ni mzee, anasahau.

Nimemsema Mama yangu hivyo mbele ya kijiji kizima. Wenye Kiingereza walisikia. Mwalimu Rono, ambaye tunatumia naye meza moja shuleni, alikuwa amesimama karibu yangu kabisa. Akatazama viatu vyake.

Dokta, lazima niseme, hakubishana. Aliamuru kazi isimame saa ile ile. Lakini wale wanafunzi wakamtazama Mama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mgonjwa. Yule msichana wa machozi akamshika bega akaanza kumwongoza kama kipofu. Mama akautoa ule mkono begani, polepole, bila ubaya. Akaenda kusimama kati ya miti iliyolala.

Nimejionea kinyaa. Aibu ni neno dogo.

Jumapili, 28 Aprili

Sikwenda kanisani. Mama alikwenda. Amerudi anajua. Mke wa Rono alimwambia pale nje baada ya ibada, nilijua tu atamwambia, na angenyamaza kwa nini.

Sikutukanwa. Alisonga kimyet, ugali wetu, akanipakulia kama siku zote, akaniwekea maziwa. Angenirushia mwiko ningeshukuru. Tukala. Alipokuwa anaosha sufuria ndipo akasema, bila kugeuka, "Kumbe mimi nasahau."

Hilo tu. Nikatoka nikaenda kufunga ng'ombe ambaye alikuwa ameshafungwa.

Jumanne, 30 Aprili

Dokta amekuja kuaga. Mara hii hakuniita. Alikuja na Mwalimu Rono atafsiri yeye. Nikaelewa. Nikaingia jikoni kuchemsha chai, na kusikia kila neno, maana ukuta wenyewe ni matawi na udongo.

Kwanza Dokta akaomba msamaha kwa ile miti miwili. Akaomba mara mbili. Mama akasema miti ilishaanguka, haisimami kwa msamaha, lakini ameusikia. Huyo ndiye Mama. Hajawahi kutia neno sukari, hata kwa mchungaji. Mchungaji mwenyewe alishaambiwa mahubiri yake ni marefu na watoto wana njaa.

Kisha Dokta akauliza kwa upole. Siku ya kwanza tuliambiwa umesema msitu ni mama yako. Juzi, kwa alivyonieleza Mwalimu Rono, ukasema miti ni nyumba yako. Nataka kuelewa. Siku ile ulisema nini hasa?

Rono alitafsiri huku anakohoa. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni na birika. Nilikuwa nimeamua. Naapa nilikuwa nimeamua: leo nasema, liwalo na liwe, nikose kazi, nichekwe Boito nzima.

Mama akaniangalia.

Akasema, "Nilisema hivyo. Huyu alitafsiri sawasawa. Halafu nikabadili nia. Mimi mzee, nasahau."

Rono akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akatafsiri. Dokta akaandika.

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi kwa Kipsigis, sauti ile ile ya kuniamrisha nikiwa mtoto: "Mimina chai."

Nikamimina. Kikombe cha Dokta, cha Rono, chake. Nyingine nikaimwaga kwenye mkeka. Wakanywa, wakashukuru, wakaondoka. Maneno yangu yameondoka nao kwenda ng'ambo, yakiwa na jina lake.

Ningewakimbilia barabarani. Niliona vumbi la gari lao mpaka kwenye kona. Sikukimbia. Nikikimbia namfanya Mama mwongo mbele yao, nikibaki namwacha hivyo hivyo, mzee anayesahau. Nilisimama tu.

Jumamosi, 4 Mei

Manyunyu. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nimemsaidia Mama kubambua maganda ya ile miti miwili. Haifai mbao. Itakuwa nguzo za zizi. Yeye upande wa shina, mimi upande wa kilele, kila mtu na panga lake. Harufu yake ilinifanya nipige chafya, akaniambia nijifunge kitambaa puani. Ni maneno marefu kuliko yote aliyoniambia wiki hii.

Tukafanya kazi. Baadaye akauliza, "Siku ile ya kwanza ulisema mimi nilisema nini? Nisemee."

Nikamwambia yote kwa Kipsigis. Msitu ni mama yangu. Walipokata miti nililia kama niliyefiwa. Kwa lugha yetu yalisikika kama maneno ya mtu anayeumwa malaria. Nilitaka kuishia katikati, akanionyesha kwa mkono niendelee. Nikaendelea mpaka mwisho. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Ni mwanamke mzuri huyo," akasema. "Ungetaka yeye ndiye akuzae?"

Nikasema hapana. Nikarudia, hapana, Mama. Alikuwa ameshainama, anatafuta mahali pa kuingizia panga. Ganda likatoka refu, akalitupa nyuma yake, akasogea mbele kidogo. Nami nikasogea.