Neno Ulilolichora Ukutani

Nyumba ya Wageni ya Getini,
Meza ya mapokezi,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, fundi rangi wetu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yangu ambaye hajapata kumwona shangazi yake ila kwenye simu, je, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kizee? Nasikia huko kwenu baridi imeanza kubisha madirishani. Vaa soksi mbili na usijifanye kijana. Kifua chako nakijua tangu ukiwa mgongoni mwangu.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako bado ni askari wa msitu, bado analalamikia goti, na bado anadai goti hilo linajua mvua kuliko redio. Mama naye ni mzima, anakula vizuri, na mkono wake umepona kabisa. Najua hapo umeshtuka ukauliza mkono gani. Tulia, nitafika. Kwenye simu nilikuficha, kwa sababu kwenye simu wewe husikilizi, unauliza tu.

Kwanza nina jambo la kuungama. Yale maandishi yako ya KARIBU pale ukutani mlangoni, yale mekundu yenye kivuli cha bluu, nimeyapaka rangi nyeupe. Nimepaka mwenyewe, mara mbili. Nakumbuka ulivyokaa juu ya ngazi siku tatu kwa ajili ya mkia wa ile K, na jinsi wapita njia walivyosimama kuangalia. Sitaki ufike mwisho wa mwaka ukute ukuta mtupu, udhani dada yako hakuthamini kazi ya mkono wako. Kaa kitako nikueleze.

Unawakumbuka tumbili wa ule mti nyuma ya jiko. Ulipoondoka walikuwa wanatuchungulia tu kwa mbali, ukitupa jicho wanakimbia. Kisha meneja wetu akapata wazo, na wazo la meneja halipingwi. Akaweka kikapu cha ndizi mbivu kwenye meza yangu. Kila mgeni akishuka garini mimi nasema "Karibu", nampa ndizi, naye anamkabidhi tumbili pale ukutani na kupigwa picha. Watalii walifurahi mpaka machozi. Nami nilifurahi, sikufichi. Nilijiona mwenye nyumba wa msitu mzima.

Tumbili si wajinga. Walijifunza kwamba neno linatangulia na ndizi inafuata. Baada ya miezi michache hawakungoja hata gari lizime. Nikisema "Karibu" nawaona wanashuka ukutani kama wanafunzi waliosikia kengele. Tukacheka sana. Mbele yao alikuwa jike mmoja mkubwa aliyekosa kidole cha mkono wa kushoto, tukamwita Bi Kidole. Alikuwa na kibinti chake kinachomfuata kila mahali, na alikuwa na adabu zake: anapokea kwa mikono miwili.

Kicheko kilianza kutupotea polepole. Watalii hawakukomea kwenye ndizi. Walileta biskuti, pipi, mikate, hata soda za kunyonya kwa mrija. Tumbili wakaanza kuharisha juu ya mabati yetu. Wengine walinyonyoka manyoya mgongoni, na dume mmoja akawa anakohoa kama mvuta sigara. Bi Kidole alipopiga miayo nikaona meno yameoza. Dume mwingine aligongwa na gari akikimbilia dirisha lililoshushwa kioo. Shemeji yako alimzika.

Yeye ndiye aliyekuwa ameona mapema. Alikuwa akirudi kutoka bondeni ananiambia kwamba matunda ya mwituni yanaanguka na kuoza chini, hakuna wa kuyala, na kwamba tumbili wasipoyala na kutupa mbegu zake mbali, miti ile haitapata watoto. Nikamjibu kwamba askari hakosi la kuhofia, ndiyo maana akaajiriwa. Maneno yangu hayo nayakumbuka kila siku.

Sasa ndio mkono wa Mama. Mwezi wa tano, asubuhi, jirani yetu fundi cherehani alikuja pale kwa Mama, hatua chache kutoka nyumba ya wageni, kumletea gauni aliloliongeza kiuno. Akapiga hodi mlangoni. Mama alikuwa kitini na sahani ya mkate mapajani, na macho yake unayajua, haoni ila vivuli. Akaitika kama anavyoitika tangu azaliwe: "Karibu, mwanangu."

Aliyeingia kwanza hakuwa fundi cherehani. Bi Kidole alikuwa juu ya bati, akasikia, akashuka na kupita katikati ya miguu ya jirani mpaka kwenye kiti cha Mama. Mama alihisi kitu kidogo kinagusa sahani, akadhani ni mtoto wa mtu, akaishika sahani vizuri ili amkatie kipande. Bi Kidole akadhani ananyimwa. Akamuuma kati ya kidole gumba na cha shahada, nyuzi nne, na zile sindano za kichaa cha mbwa mfululizo. Mama alimhurumia zaidi nesi aliyekuwa anamchoma.

Bwana Wanyama, yule ofisa mrefu wa idara ya wanyamapori ambaye shemeji yako yuko chini yake, alikuja kesho yake. Alisema mnyama akishauma mtu ndani ya nyumba, kanuni inataka auawe. Tulikuwa tumekaa sebuleni, Mama na bendeji yake, mimi nikiangalia sakafu. Mama akasema, "Yule hakuvamia. Kaitwa, kaja. Mgeni niliyemwita mwenyewe mtamuuaje kwa kosa langu?"

Bwana Wanyama hakuwa mtu mbaya. Alitupa siku thelathini. Chakula kisitoke mkononi mwa mtu yeyote, na lile neno lisisikike, ili tumbili wasahau. Siku zikipita bila mtu kuguswa, Bi Kidole anaishi. Akigusa mtu mmoja tu, basi.

Mdogo wangu, hujawahi kuona mtaa mzima ukijifunza upya kupokea wageni. Kikapu cha ndizi nilikichoma moto mwenyewe, na meneja akajifanya hakuona moshi. Majirani tukakubaliana hakuna kusema "Karibu". Kinyozi akawa anamwambia mteja, "Kiti hiki hapa." Fundi cherehani alisema, "Pita, pita," mpaka wateja wakadhani anawafukuza. Shemeji yako ndiye aliyefurahi, alisema sasa watu wanaokuja saa ya chakula hawana hakika kama wamealikwa. Mimi pale mapokezi nilikuwa nasimama, nauliza habari za safari, natoa ufunguo. Wageni waliniona mkavu. Mmoja aliandika kwenye kitabu cha maoni kwamba nyumba ni safi ila mpokeaji ana huzuni.

Aliyeteseka ni Mama. Miaka sabini na sita ya kuitika hodi haitoki kwa mwezi mmoja. Mtu akipiga hodi, Mama anaziba mdomo kwa mtandio na kugonga mkono wa kiti kwa fimbo, ndiyo ishara ya kuingia. Alisema afadhali angeambiwa aache sukari.

Na ilikuwa inafanya kazi! Wiki ya pili tumbili walikaa ukutani wakatuangalia kama watu waliodanganywa. Wiki ya tatu baadhi yao wakaanza kurudi bondeni. Shemeji yako alikuja siku moja na mbegu ya tunda mkononi yenye alama za meno, akaiweka mezani mbele ya Mama kama zawadi. Nilikuwa nahesabu siku kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tano.

Siku ya ishirini na sita alikuja mtalii mmoja na binti yake wa miaka sita hivi. Baba mpole kweli, amechoka na safari, anamshika mwanawe mkono kila hatua. Nikawauliza habari za safari. Nikageuka kuchukua ufunguo wa chumba namba nne.

Tulikuwa tumenyamazisha vinywa vyote, tukausahau ukuta.

Yule baba alisimama mlangoni, akayaona maandishi yako. Lilikuwa neno pekee la lugha yetu alilolijua, na ulikuwa umeliandika vizuri hivyo. Akalisoma kwa sauti, akacheka, akamfundisha mwanawe. Mtoto akageuka kwenye ukuta wa bustani na biskuti mkononi akaita, "Karibu! Karibu!" kama mtu anayeita kuku.

Mimi nilisikia nikiwa na ufunguo mkononi. Nilikimbia. Bi Kidole alikuwa ameshafika chini, amenyoosha mikono yake miwili kama kawaida yake. Angepewa ile biskuti yasingetokea mengine. Lakini mtoto alipoyaona yale meno karibu akaogopa, akairudisha biskuti kifuani, na Bi Kidole akaifuata. Alimparura shavu mpaka chini ya jicho. Jicho lilipona, namshukuru Mungu, na baba yake ametuandikia kwamba kovu ni dogo. Siku ile alilia mbele ya Bwana Wanyama, akaomba mnyama asiuawe. Lakini ahadi ilikuwa ahadi, na safari hii aliyeumia ni mtoto wa watu.

Bwana Wanyama alitaka kuleta mpigaji kutoka makao makuu. Shemeji yako akakataa. Alisema Bi Kidole anamjua, na hataki afe akimkimbia mgeni porini na risasi mguuni. Asubuhi akachukua bunduki akaenda nyuma ya jiko. Sikutaka kuangalia, nikaangalia. Bi Kidole alikuwa juu kabisa ya mti na kibinti chake, hashuki, maana tulikuwa tumeshamfundisha siku ishirini na sita kwamba sisi hatumwiti tena.

Shemeji yako akaiegemeza bunduki begani. Kisha akasema lile neno, taratibu, kama unavyomwambia mtu mwenye heshima zake.

Akashuka. Alikuja mpaka hatua tano, akanyoosha mikono miwili.

Mume wangu hakula siku ile wala ya pili yake. Mpaka leo akipita pale anazungukia upande wa mbele. Mimi ndiye niliyewafundisha, yeye ndiye aliyelipa. Nilichukua kopo la rangi nyeupe stoo, nikapanda ngazi ileile yako, nikafuta. Rangi ilipokauka K bado ilionekana kwa chini. Nikapaka tena. Jua likipiga upande ule saa kumi, ukijua pa kuangalia, bado unaiona.

Usidhani nakulaumu. Wewe ulichora neno jema kwa mkono mzuri, sisi ndio tuliolitia ndizi ndani yake. Idara imetuletea kibao cha bati, "USIWALISHE TUMBILI", herufi zimekaa kama zimeandikwa na mtu anayekimbizwa, na watalii wanapiga picha pembeni yake huku wanatupa karanga. Nakuomba ukija ulete brashi zako. Tuandikie kibao kizuri ambacho mtu atakisoma mpaka mwisho, na chini yake umchore Bi Kidole na vidole vyake tisa. Shemeji yako hajakuomba, lakini nimemwona amepima ukuta kwa hatua.

Tumbili wengi sasa wako bondeni. Bwana Wanyama anasema huenda itachukua mwaka au zaidi kabla hawajawa tena wanyama wanaojitafutia. Waliobaki wanapungua kila wiki. Asiyeondoka ni kibinti cha Bi Kidole. Anakaa juu ya bati la nyumba ya Mama peke yake, hagusi kitu, haibi, anasikiliza tu. Mama anamsikia akitembea juu na anasema, "Yumo." Hajamtupia hata punje. Lakini juzi nilimkuta Mama amekaa chini ya dari ile machozi yanamtoka, akaniambia ni mara ya kwanza maishani mwake kuwa na mgeni mlangoni asimwambie kitu.

Wasalimie wote. Wifi yangu mwambie kitambaa chake kipo kwa fundi cherehani, kiuno kimeachwa nafasi kwa sababu picha zake tunaziona. Mjomba anasema umlete mtoto amfundishe bao, na fundi cherehani anakusalimu, na kinyozi anauliza kama kichwa bado kina nywele za kunyolewa. Mama anakubariki kwa ule mkono uliopona: Mungu akutangulie njiani, akurudishe ukiwa mzima wewe na wote walio chini ya kivuli chako.

Na mdogo wangu, nakuomba jambo moja tu. Tumeshaanza kuhesabu miezi mpaka mfike, na najua utataka kumshtukiza Mama kama zamani. Mlango utakuwa wazi. Ingia tu kimya, umshike mkono. Usipige hodi. Akiisikia sauti yako, baada ya miaka yote hii, hataweza kujizuia, na yule mtoto juu ya bati atashuka.

Ni mimi dada yako, mpokeaji mwenye huzuni, ninayekupenda na kukungoja bila neno.