Kongo Imesogea

Jumatatu, 3 Machi

Ukuta wa gesti pale Mwanga, rangi ya chini imekauka. Nimeanza kuchora maji ya ziwa. Kama kawaida yangu, nimeyapandisha mpaka yakapotelea kwenye ukungu, bila mstari wa ng'ambo. Mwenye gesti akaja na chai yake, akatazama weee. Anataka milima ya Kongo ionekane, tena wazi kabisa. Wageni wake wanapenda kuona ng'ambo. Nikajibu sawa. Mjinga mimi.

Jumanne, 4 Machi

Sijagusa ukuta. Nimeosha brashi ambazo tayari zilikuwa safi.

Miaka yote watu wananisifia ukungu, eti ndio mtindo wangu. Mtindo gani! Ni woga. Mama alikimbia vita ng'ambo nikiwa mgongoni, tukakaa Mwamgongo, kijiji cha huku ufukweni. Mvua ikikatika, milima inatokea waziwazi, na wavuvi wanasema Kongo imesogea. Mama akisikia hivyo anafunga mlango, tunakaa ndani kimya. Nikaamini milima inatembea kweli, imebeba watu wenye bunduki. Siku za ukungu ndizo nilizocheza nje. Mkono ukajifunzia hapo.

Jumatano, 5 Machi

Ukuta unatazama njia ya sokoni. Mama hupita kila Ijumaa kununua mihogo. Mwaka jana jirani yetu hapa Rusimbi alimwonyesha picha ya ng'ambo kwenye simu. Hakula siku nne. Naogopa nitamrudisha kule kwa brashi yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeichora milima. Mlima wa kushoto umetoka kama jino bovu. Nilitaka kuufunika kwa kijivu, mwenye gesti akanikataza.

Jioni nikamwambia mama kesho apumzike, mihogo nitanunua mimi. Akaweka kikapu chake karibu na mlango. Sijui kudanganya.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja.

Nilikuwa juu ya ngazi. Nikaona kitenge chake. Nikashuka mbio nimzibe asione. Akanisogeza pembeni kama anavyosogeza kuku. Akasimama mbele ya ukuta, nami nimenyoosha mikono nimdake akianguka.

"Umekosea," akasema. "Ule wa kushoto hauna ncha. Una bega."

Basi. Akaenda kununua mihogo. Mimi nikakaa chini peke yangu, barabarani, watu wanaona.

Jumapili, 9 Machi

Nimeushusha mlima wa kushoto, nikauwekea bega. Mama amekuja baada ya ibada, akakalia ndoo ya rangi. Akanionyesha mahali chini ya lile bega, karibu na maji. Niweke moshi hapo. Mwembamba, wa mtu anayepika uji.

"Bibi yako ndiye alikuwa wa kwanza kuwasha moto pale kwetu, kila asubuhi," akasema.

Sikuwahi kusikia habari za bibi. Nimeuweka moshi. Bado naogopa. Mama alikaa pale mpaka rangi ikakauka.