Bwana ya Mama Vivi

Nyakasanza, siku ya ine magaribi

Na kama muntu ananiuliza tena kazi yangu, nitajibu nini? Leo asubui kaka mukubwa alinigombeza: "Weye unapaka rangi kwa mabao ya maduka, unapiga gita kanisani, unacheza teatre. Chagua moja!" Ilinikasirisha, juu hata mimi sijue.

Masasi ya bunduki ilinyamaza kidogo, ndipo Mama Vivi akakuja, ule mukimbizi wa Djugu anayelala kwa jirani. Bwana yake walimuua, nyumba iliungua, hana hata foto moja. Akaniomba nimuchore. Mimi sikumuonaka ule muntu! Alinielezea macho, ndevu, kovu ya shavu. Nilichora, nikafuta, nikachora tena.

"Hapana. Huyu si yeye."

Nikaweka kreyo ya kuchorea chini. Nikamuuliza: alikuwa anatembea namna gani? Akanionyesha, nami nikaiga vile. Bega moja chini, jembe mukononi, na kikohozi kidogo mbele ya kuingia nyumbani, ili watu wajue baba amefika.

Nilipokohoa kwa mulango, binti ya Mama Vivi, aliyekuwa ndani anachambua majani ya sombe, akasimama mbio na kuniletea kiti.

Kisha akaniangalia. Mimi nilibaki nasimama. Ni zambi? Ni muchezo? Karatasi yenyewe ilibaki chafu tu, bila uso.

Mama Vivi akapangusa kiti na kitambaa chake.

"Ikala," akasema pole pole. "Alikuwaka anarudi amechoka."

Nikaikala.

Kaka, ile kazi jina yake ni nini?