Nilipogusa Mrija

Biharamulo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na baba anaendelea vizuri na migomba yake. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza.

Ninaandika nikiwa wodini, kando ya kitanda cha Naima, mwenzangu wa chuo tuliyepanga naye nyumba kule Nemba kwa mafunzo ya vitendo. Daktari anasema pombe aliyokunywa ilikuwa na sumu na imegusa macho. Tunasubiri.

Kabla ya kuja huku chuo kilitupa semina ya stadi za maisha. Mwezeshaji alitusimamisha wawili wawili tujizoeze kusema hapana bila kupepesa macho. Nilicheka. Kwetu Ntobeye, pombe ikinyweka kwa zamu kutoka mtungi mmoja, nani anakataa mrija mbele za watu? Ni kama kumwita mwenye mtungi mchawi. Wewe ulinifundisha kuugusisha midomoni nisimeze, kisha niupitishe, na kila mtu abaki na heshima yake.

Jumamosi Anastazi, tunayekaa naye, alileta mtungi wa rubisi, ile pombe ya ndizi, kumbe kaichanganya na gongo. Naima, mtoto wa Kiislamu, alikataa waziwazi kama tulivyofundishwa. Anastazi na wenzake wakamcheka, wakamwita ustadhati. Mimi niliupokea mrija kwa adabu zetu zote. Wakamwambia anitazame mimi Avelina, mlokole mzima, mbona ninakunywa. Akanitazama. Nikanyamaza, Mama, naye akanywa. Wote walitapika, ila yeye asiyezoea ndiye aliyezidiwa.

Sasa Anastazi na wenzake wanataka tuwe na kauli moja, kwamba Naima alilewa kwingine. Nikiwasaliti nitafute pa kulala, na chuo kikitufukuza tutafukuzwa sote. Naogopa sana. Hata hivyo nimewaambia hapana.

Zito zaidi ni la leo asubuhi. Naima amezinduka na haoni. Alinitambua kwa sauti, akanishika mkono, akaniuliza mimi ninaumwa wapi, maana tulikunywa pamoja. Nikamwambia kweli, kwamba sikumeza hata tone. Akauachia mkono wangu, akageukia ukutani.

Baba yake, Mzee Kombo mwenye duka la vitenge hapa mjini, yuko njiani akitokea safarini. Nitamweleza mwenyewe, yote. Niombee.

Msalimie Tecla na majirani. Ukimsomea baba barua hii, usiruke mahali.

Ni mimi mwanao,
Avelina