Maabara Si Stoo ya Mbolea

"Aldehaidi na ketoni hazijawahi kukuza hata muwa mmoja. Mbolea ndiyo inakuza."

Hayo ni maneno ya Bwana Makokha, mwenyekiti wa bodi ya shule ya wasichana ninakofundisha kemia na mkulima mkubwa wa miwa upande wa Mayoni. Aliyasema wiki mbili zilizopita, akapigiwa makofi. Alitaka maabara yetu igeuzwe stoo ya mbolea ya wakulima, kwa sababu ina mlango wa chuma na madirisha yenye vyuma. Wasichana wangu wangesoma kemia ubaoni tu, kama watu wanaofundishwa kuogelea kwa kuchorewa mto.

Ni uongo, na leo nimeukanusha mbele ya bodi nzima.

Ni Jumamosi, mvua imeshika tangu saa nne asubuhi. Niko saiba hapa mjini Kakamega, naandika blogu hii kwa kompyuta ya kukodi, viatu vimejaa tope, na moyo unanidunda kama wa msichana wa miaka kumi na sita. Nina arobaini na saba. Sijali.

Kura ilikuwa leo asubuhi, na niliomba nusu saa kabla haijapigwa. Nikawaingiza wanabodi maabara, pamoja na wakulima waliokuja kuona stoo yao mpya. Nikawasha jiko la mafuta ya taa, nikachemsha maji, nikawaonyesha myeyusho wa buluu wenye shaba ndani yake.

Nikawaeleza. Aldehaidi na ketoni zote zina kaboni iliyoshikana mara mbili na oksijeni. Kwa ketoni kaboni hiyo imebanwa katikati, ina kaboni mwenzake kila upande. Kwa aldehaidi imekaa mwishoni, na kando yake pana hidrojeni. Hidrojeni hiyo ndiyo inayoifanya iwe nyepesi kugeuka asidi. Ikigeuka, shaba iliyo karibu hupoteza rangi ya buluu na kuwa nyekundu kama tofali. Glukosi ina aldehaidi, kwa hiyo dawa hii ya buluu huitambua.

Mwenyekiti akacheka. Akatoa mfukoni sukari ya dukani iliyofungwa kwenye karatasi. Alikuwa amejiandaa, yule mzee.

"Basi itambue hii, Madam. Sisi tunaijuanga kwa ulimi."

Nikaiyeyusha, nikaichanganya na dawa, nikapasha moto. Buluu. Nikangoja. Buluu ile ile.

"Dawa imelala!" mtu akapiga kelele kutoka mlangoni. "Iamshe na chai!"

Walicheka hadi madirisha yakatetemeka. Mwenyekiti akasema, "Dawa ya sukari haijui sukari, na ni hapa ukanda wa miwa!"

Kosa hilo angelifanya mtu wa huku tu, aliyelala na kuamka na miwa na kudhani tamu yote ni moja. Sukari ya kiwandani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, na zimeshikana mahali penyewe: aldehaidi ya moja imefungwa kwenye ketoni ya nyingine. Hakuna iliyo huru kuigusa shaba. Nilijua itabaki buluu. Hata hivyo nakiri jasho lilinitoka. Kujua ni jambo moja, kuchekwa na wanaume ishirini ni jingine.

Nikaongeza asidi kidogo kwenye sukari ile, nikaichemsha dakika tano ili asidi izivunje zile mbili ziachane. Kisha nikanyoosha mkono kuchukua soda ya kuua asidi, maana ndani ya asidi dawa haifanyi kazi. Mkebe ulikuwa mtupu.

Mtupu kabisa! Nami ndiye ninayewagombeza wasichana kila Jumatatu kwa kutokagua vifaa.

Mama Rasoa, mpishi wa shule, alikuwa amesimama nyuma na mwiko mkononi. Nikamwomba munyu, yale maji anayochuja kwenye majivu ya maganda ya maharagwe ili kulainisha kunde.

"Huu wa mboga, Madam?" aliniuliza. "Si utaharibu masomo?"

"Lete, mama. Hautaharibu kitu."

Akaleta kibuyu. Nikamimina kidogo kidogo, asidi ikatoa povu kama mtoto mwenye hasira, hadi povu likakoma. Nikatia dawa ya buluu, nikarudisha mrija wa kioo ndani ya maji ya moto.

Kijani. Manjano. Rangi ya chungwa. Halafu nyekundu ya tofali, nzito, ikatua chini.

Mama Rasoa akainua mwiko, akasema, "Kumbe mimi pia ni mwalimu!"

Sikuwaachia nafasi ya kupumua. Nilikuwa na miwa miwili. Mmoja ulikatwa alfajiri ya leo. Wa pili niliuokota kwenye rundo lililokaa kando ya barabara siku tisa likisubiri trekta. Nikaikamua yote miwili na kupima maji yake bila asidi. Maji ya muwa mpya yalipata ukijani hafifu. Ya ule wa barabarani yalikuwa mekundu kabla sijamaliza sentensi. Ukilala juani, muwa hujivunja wenyewe. Sukari inayoweza kuganda hupungua, na ile iliyovunjika huishia kwenye molasi, yale mabaki meusi ya kiwandani.

"Rundo la nani hilo?" akauliza Mzee Wekulo, mkulima mwenzao.

"La mwenyekiti," nikasema.

Sikuona haya, na hata sasa sioni.

Mzee Wekulo akamgeukia. "Makokha, wewe unatafuta mahali pa kulaza mbolea na miwa yako inaozea barabarani? Acha watoto wasome hii kitu. Mimi mwenyewe nitaleta muwa wangu Jumanne upimwe."

Kura ikapigwa pale pale, tumesimama kati ya meza. Mikono mitano ikakataa stoo, mmoja ukaikubali. Mwenyekiti hakuinua wake. Maabara imebaki maabara. Nikatoka nje kwenye mvua bila mwavuli, nikaimba njia nzima.

Lakini shule yetu si ya kwanza kupewa wazo hili, na kwingine wazo lilishinda. Kwa hiyo nasema na nyinyi, wanabodi mliokwisha kufungia mbolea ndani ya maabara za watoto wetu. Najua mnasoma blogu hii, maana mwezi uliopita mlinitukana papa hapa. Toeni magunia hayo. Yatoeni kesho baada ya kanisa, kwa mikono yenu wenyewe, mfagie sakafu, mrudishe meza na mfungue maji. Jumatatu saa mbili asubuhi wasichana waingie na kuwasha moto.