Mama Mkwe Kwenye Taa Nyekundu

Kakamega,
Jumapili jioni.

Kwa kaka yangu mpendwa Wanzala,

Pokea salamu zangu na za Naliaka. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Likuyani hamjambo, na kwamba mahindi yamepata mvua ya kutosha. Sisi tu wazima, tena wazima sana, kama utakavyoona. Ningepiga simu, lakini nakujua: ungeanza kucheka kabla sijafika katikati.

Kaka, nilipelekwa mahakamani. Usishtuke, sikumgonga mtu. Siku hizi ukivunja sheria za barabarani unatozwa faini, na juu yake unaandikiwa pointi. Zikijaa, leseni inafungiwa. Mimi na ile tabia yangu ya kushika simu nikiendesha, pointi zilikuwa zimenifika shingoni. Kosa moja tu lingetosha gari la mikate lipewe dereva mwingine, na mimi kazi nyingine sina.

Basi Jumatatu nilisimama kwenye taa nyekundu pale mjini, mtulivu kama muumini kanisani. Boda ikaja ikasimama ubavuni mwangu, abiria akainama achungulie dirishani. Nilipoona ile leso na kusikia ile sauti, nikamtambua mara moja. Mama mkwe! Mamake Naliaka, kutoka Navakholo! Unajua tulivyolelewa: mama mkwe humtazami usoni, na ukimwona njiani unajitosa hata kwenye miwa. Pale mjini hakuna miwa, kaka. Nikakanyaga mafuta nikapita, taa ikiwa bado nyekundu.

Mbele kidogo alikuwepo askari wa trafiki, Kiprono. Nilimweleza kwamba nilikuwa natunza heshima. Akanijibu kwamba heshima hiyo nikaieleze mahakamani.

Hakimu, mama mmoja mkali, aliniuliza kama nakubali kosa. Nikakubali na kutoa sababu. Watu wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Alisema sheria inajua rangi tatu tu, na mama mkwe si mojawapo. Akashika kalamu. Nilijua leseni imekwenda, na nusura nilie mbele za watu.

Ndipo sauti ikasikika kutoka nje, dirishani. Ni mama mkwe! Naliaka alikuwa amemwambia kwamba nimeshtakiwa. Alikuwa amesimama ametupa mgongo, asinione. Karani alitaka kumfukuza, hakimu akamzuia.

"Mheshimiwa, huyu mtoto huniheshimunga sana," akasema. "Mimi ndio nilimfuata na boda. Nilikuwa na habari, nikashindwa kuikalia. Naliaka ako na mimba."

Kaka, kumbe Naliaka alimwambia mamake kwanza, akiogopa kunipa matumaini mapema baada ya miaka yote hii ya kungoja. Mama naye furaha ikamshinda, akasahau mimi ni mkwewe.

Hakimu akafungua faili langu upya. Kisha akanitoza faini na kuniandikia pointi, ila akazipunguza, ikabaki moja tu kabla hazijajaa, leseni ikapona. Alisema mtoto atahitaji baba anayejua kusimama.

Sasa kuna jambo ambalo baba bado hajalisikia, nami nakukiria wewe kwanza. Nilipotoka, mama alikuwa bado pale dirishani, amenipa mgongo. Mila inataka nipite njia nyingine. Sikupita. Nilizunguka nikasimama mbele yake, nikamwita mama, nikamshukuru. Naye hakukimbia. Nilimtazama usoni mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na ulikuwa uso wa Naliaka mtupu, wenye makunyanzi, unalia na kucheka kwa pamoja. Sikuona haya hata chembe.

Najua wazee watanitoza mbuzi. Mwambie baba amchague mnono, sitabishana.

Naliaka anawasalimu nyote, na anaomba shemeji amtumie mboga za kienyeji, maana nyama hataki hata kuinusa. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha,
Protus Osundwa