Jembe Nililopewa na Mwenyekiti

Bukoba mjini, kwa binti yako

Baba Koku mume wangu,

Mguu wako unaendeleaje? Na kahawa umeianua, au imenyeshewa kwa sababu mimi sipo Kimwani? Huku sisi ni wazima. Mjukuu anatambaa, ameshanizoea kuliko mama yake. Simu inakatikakatika, na neno hili nataka ulipate kwangu kabla hujalisikia kwa wauza dagaa.

Kwanza ujue Koku wetu ni mwenyekiti wa mtaa kweli kweli. Tangu watoto wa bondeni walipougua kuhara, kila Jumamosi anavaa gambuti, anawatoa watu wazibue mitaro. Akipita, hata wanaume wanatoa mikono mifukoni. Ameweka sheria moja: anayechafua mtaro anauzibua mwenyewe, mchana, watu wakiona. Mwenyekiti kama huyo hapa mjini hakuna mwingine, nimeulizia.

Sasa, nyuma ya nyumba kuna migomba mitatu ya fundi cherehani, jirani yetu, ukingoni mwa mtaro. Imekonda, Baba Koku! Shinani hata nyasi hakuna. Na maganda ya ndizi huku yanatiwa kwenye mfuko, gari linakuja kuyabeba. Linayapeleka wapi? Nimeuliza watu watatu, hakuna ajuaye. Basi kila asubuhi nikimenya ndizi, maganda nikawa nayaweka kwenye ile migomba, kama ninavyofanya kibanjani kwetu tangu uliponioa.

Wiki iliyopita ikanyesha mvua kubwa. Maganda yakasombwa, yakaziba kalavati, maji machafu yakaingia kwa Mama Asela aliyejifungua juzijuzi. Godoro la mtoto likalowa chapachapa.

Mkutano ukaitwa. Yule fundi cherehani, anao mdomo huyo, akasema, "Mwenyekiti, unatutoa vitandani Jumamosi, kumbe maganda yanatoka kwako!"

Watu wakacheka. Koku akajibu, "Kwangu hatutupi taka mtaroni. Mungu ananisikia."

Ameapa mbele ya watu, naye hajui kitu! Nikaona mwanangu anaaibika kwa maganda yangu. Nikasimama. "Ni mimi. Nilikuwa nailisha migomba ya huyu fundi, yeye ameishindisha njaa."

Hapo fundi akalainika. "Aa, basi yaishe. Ni bibi, tena mgeni."

Koku akanitazama. Midomo ikamtetemeka kama siku ile alipovunja mtungi wa mama yako. Kisha akaniambia, "Mae, jembe liko mlangoni kwangu. Na gambuti zangu zitakutosha."

Nikazibua. Unanijua nikishika jembe. Nilipomaliza kalavati nikataka kujua maji yanaishia wapi, nikayafuata hadi chini. Yanaishia ziwani, Baba Koku, pale pale wanawake wa bondeni wanapochota ya kunywa. Kulikuwa na ganda langu moja linaelea karibu na ndoo ya mtu. Nikaliopoa.

Niliporudi nilimwambia fundi achimbe shimo la maganda mbali na mtaro, mboji yake ndiyo ailishie migomba. Amechimba. Nalikagua mwenyewe kila asubuhi, na mtaro pia.

Jioni ile Koku alinipaka mafuta kwenye malengelenge. Akauliza, "Mae, umenikasirikia?" Nikamwambia alete kahawa ya kutafuna, aache maswali ya kitoto.

Nisalimie dada yako wa Kashozi, katekista wetu, na mke wa mdogo wako anayekupikia. Mwambie asizidishe chumvi. Na wakikuuliza kanisani kama ni kweli mwenyekiti alimpa mama yake mzazi jembe mbele ya mtaa mzima, usikatae, wala usinong'one. Simama, sema ni kweli, halafu uwaambie ni binti wa nani.

Ni mimi mkeo,
Mama Koku, mama wa mwenyekiti